Chuma Kinapokataa Kupanda: Kutoka Ngazi ya Kwanza Hadi Ngazi ya Kati

Hotuba kwa vijana, walimu wa michezo na wazazi, Mulot



Mulot ni mji wa watu wanaobeba. Siku ya soko magunia ya mahindi hupakiwa na kupakuliwa tangu alfajiri, na mitungi ya maziwa husafiri kwa bodaboda kabla jua halijachomoza. Si ajabu basi kwamba vijana wengi wamejitengenezea vyuma nyuma ya nyumba: bomba la chuma, mikebe ya rangi iliyojazwa simenti, benchi la mbao lililogongwa na fundi wa jirani. Wengine wanajiandaa kwa usajili wa polisi na jeshi. Wengine ni wachezaji wa kandanda, raga au voliboli. Wengine wanataka tu kuwa na nguvu, na hiyo ni sababu tosha.

Lakini kuna jambo linalojirudia kila mahali vyuma vinapoinuliwa. Mwezi wa kwanza kijana anaongeza uzito kila anapofanya mazoezi. Mwezi wa pili anaongeza tena, na wenzake wanaanza kumwita jina jipya. Mwezi wa tatu au wa nne, chuma kinakataa. Uzito ule ule unamshinda Jumatatu, unamshinda Jumatano, unamshinda Ijumaa. Hapo vijana hugawanyika. Kuna wanaoacha, na vyuma vikaota kutu. Kuna wanaolazimisha mpaka mgongo au bega liumie. Na kuna wanaoanza kumsikiliza muuzaji wa vidonge na sindano.

Wote hawa wameamini kwamba mwili wao umefika mwisho, na sivyo ilivyo. Mwili umemaliza darasa la kwanza, na mwenyewe bado analisoma somo lile lile. Mada ya leo ni namna ya kulitambua darasa la pili na kuingia humo salama.

Ndama na fahali

Wagiriki wa kale walisimulia habari za Milo, mwanamieleka wa mji wa Croton aliyeishi karne ya 6 kabla ya Kristo. Inasemekana alimbeba ndama mabegani kila siku, na kadiri ndama alivyokua ndivyo nguvu za Milo zilivyokua, hadi akawa anambeba fahali mzima.

Nusu ya kwanza ya hadithi hii ni kweli kabisa. Anza na uzito mdogo, ongeza kidogo kidogo, na mwili utafuata. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliitumia kanuni hiyo kuwatibu askari waliojeruhiwa miguu, na mwaka 1945 akachapisha maelezo ya njia yake. Tangu hapo kuongeza uzito hatua kwa hatua kumekuwa msingi wa mazoezi ya nguvu duniani.

Nusu ya pili ya hadithi, mfugaji yeyote wa Mulot ataicheka. Ndama anayelishwa vizuri anaweza kuongeza nusu kilo kwa siku, yaani zaidi ya kilo 180 kwa mwaka. Hakuna mabega ya binadamu yatakayomfuata hadi awe fahali.

Hesabu ya chuma ni hiyo hiyo. Kijana anayeanza kuchuchumaa na kilo 40 mabegani, akiongeza kilo 2.5 mara tatu kwa wiki, anaongeza kilo 7.5 kila wiki. Akiweza kuendelea hivyo mwaka mzima atakuwa ameongeza kilo 390, na atakuwa anachuchumaa na kilo 430. Kila mtu anaona kwamba hilo haliwezekani. Kwa hiyo kasi ya mwanzo lazima iishe, hata kwa mwenye bidii kuliko wote. Siku inapoisha, asijilaumu.

Mwanzo una siri yake

Kwa nini basi mwanzo huwa wa haraka hivyo? Wiki za kwanza, sehemu kubwa ya nguvu mpya hutoka kwenye mishipa ya fahamu. Misuli ilikuwepo, ila ubongo haukuwa umezoea kuiita yote pamoja na kwa mpangilio. Ni kama mtu anayejifunza kuendesha pikipiki: siku ya kwanza anatoa jasho jingi kwa kazi ndogo, baada ya mwezi mikono na miguu inaelewana. Baadaye kazi inahamia kwenye misuli yenyewe na kano zake, na hizo hukua polepole.

Kuna sababu ya pili. Anayeanza hana nguvu za kutosha kujichosha sana. Akichuchumaa na kilo 50 mara 5 kwa seti 3, mwili wake unapona ndani ya siku mbili au tatu. Ndiyo maana Jumatatu anafanya, na Jumatano yuko tayari kuongeza. Akifika kilo 100, kazi ile ile ya seti 3 imekuwa mzigo wa kweli. Siku mbili hazitoshi kupona, na akipunguza kazi ili apone, kazi iliyobaki haitoshi kumkuza.

Hapo ndipo mpaka ulipo. Ngazi haihesabiwi kwa kilo wala kwa ukubwa wa mkono. Inahesabiwa kwa muda ambao mwili unahitaji ili uonyeshe nguvu mpya. Anayeanza huongeza kila siku ya mazoezi. Mtu wa ngazi ya kati huongeza mara moja kwa wiki. Msichana wa kilo 50 anaweza kuwa ngazi ya kati akiwa anachuchumaa na kilo 60, na mwanamume wa kilo 90 anaweza kuwa bado anaanza akiwa na kilo 110.

Waliolelewa kwenye mashamba ya chai, huko Konoin, Sotik na Kericho, wanalijua jambo hili. Mzunguko wa kuchuma ni siku 7 hadi 14, kulingana na mvua na mbolea. Anayerudi siku ya tatu kwenye mistari ile ile hapati majani mawili na chipukizi. Mchai haujawa mvivu. Zamu yake haijafika. Na akiendelea kuung'oa hicho kidogo kilichopo, anaudhoofisha. Kijana anayejaribu kuvunja rekodi yake mara tatu kwa wiki akiwa ngazi ya kati anauchuma mchai siku ya tatu.

Kwanza, hakikisha darasa limeisha kweli

Wengi hukimbilia programu ngumu kabla ya wakati, kwa sababu jina la ngazi ya kati linapendeza. Kabla ya kubadilisha ratiba, mwalimu na mwanafunzi wake wajiulize maswali manne.

La kwanza ni chakula. Kipimo kinachokubalika kwa anayefanya mazoezi ya nguvu ni kama gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kijana wa kilo 65 anahitaji gramu 104 hivi. Lita moja ya maziwa, mabichi au mursik, ina gramu 33 hivi. Mayai matatu yana 18. Vikombe viwili vya maharagwe yaliyopikwa vina 30. Ugali wa siku nzima unaongeza 30 nyingine. Hesabu imekamilika kwa chakula cha nyumbani, bila unga wa kopo wa bei ghali. Ila asubuhi ya chai ya rangi pekee, kisha mchana bila kitu, haijengi misuli ya mtu yeyote.

La pili ni usingizi. Anayelala saa tano kwa sababu ya simu, kisha anaamka kukamua ng'ombe, hajafika mwisho wa ngazi ya kwanza. Amechoka.

La tatu ni hatua za kuongeza. Vyuma vingi vya mtaani havina sahani ndogo. Kijana anaruka kilo 5 kwa mara moja, kisha anashangaa kukwama. Dawa yake ni rahisi: chupa ya nusu lita ikijazwa maji ina nusu kilo na ushee. Ifungwe moja kila upande kwa kamba imara, na ameongeza kilo moja. Pia mikebe ya simenti ipimwe. Miwili iliyojazwa siku moja huweza kutofautiana kwa kilo kadhaa, na anayebeba upande mmoja mzito kuliko mwingine anautesa mgongo bure. Mizani ya nafaka sokoni, au ya kituo cha kununulia chai, inatosha. Uzito uandikwe kwa rangi juu ya mkebe.

La nne ni namna ya kuinua. Magoti yakiangukia ndani, visigino vikinyanyuka au mgongo ukipinda, kilichokwama ni ufundi. Apunguze uzito, arekebishe, apande tena. Na kati ya seti nzito apumzike dakika 3 hadi 5. Wengi hupumzika dakika moja kisha wanasema wamefika kikomo.

Majibu yote manne yakiwa mazuri, na bado uzito ule ule umemshinda siku tatu mfululizo, apunguze asilimia 10 na apande upya. Akikwama tena mahali pale pale, sasa darasa la kwanza limeisha. Ampongeze aliyemfundisha, na abadilishe ratiba.

Wiki ya mtu wa ngazi ya kati

Zipo ratiba nyingi za ngazi hii. Kocha wa Marekani Bill Starr aliandika kitabu mwaka 1976 akipanga wiki kwa siku nzito, siku nyepesi na siku ya wastani. Wengine waliomfuata walipanga kwa namna yao. Zote zina wazo moja: siku za wiki zisifanane. Kuna siku ya kuuchosha mwili, siku ya kuupumzisha bila kuulaza, na siku ya kuuliza umepata nini.

Tuchukue mfano wa kijana aliyekwama kuchuchumaa na kilo 100 mara 5 kwa seti 3.

Jumatatu ni siku ya wingi. Anachuchumaa na kilo 90, mara 5, kwa seti 5. Uzito ni mdogo kuliko ule uliomshinda, lakini kazi ni kubwa. Mara 25 kwa kilo 90 ni sawa na kuinuka na magunia 25 ya mahindi, moja baada ya jingine.

Jumatano ni siku nyepesi. Kilo 70, mara 5, seti 2, basi. Atahisi uchovu wa Jumatatu, na anaweza kudhani amerudi nyuma. Hajarudi. Siku hii inapeleka damu kwenye misuli na kuulinda ufundi. Ndiyo siku inayowashinda vijana wengi, maana inahitaji kujizuia mbele ya wenzake. Anayeigeuza siku nyepesi kuwa ya mashindano anaiua Ijumaa yake.

Ijumaa ni siku ya uzito. Baada ya kupasha mwili moto, anafanya seti moja tu: kilo 100, mara 5. Ule uzito uliomkatalia kwa seti 3 sasa anauinua kwa seti 1, kwa sababu mwili umechokozwa Jumatatu na umepata siku nne za kupona. Wiki inayofuata anajaribu kilo 102.5. Kilo 2.5 kwa wiki ni kama kilo 10 kwa mwezi. Ni polepole kuliko mwanzo, lakini mbele ya kijana aliyekwama wiki sita ni mvua baada ya kiangazi.

Kusukuma chuma juu ya kichwa na kusukuma ukiwa umelala benchi kunafuata mpango huo huo, kwa kuongeza kilo moja au chini ya hapo. Kuinua chuma kutoka ardhini kunachosha mgongo sana. Seti moja nzito kwa wiki inatosha.

Wasichana na wanawake wanafuata kanuni ile ile, kwa hatua ndogo zaidi. Ufito wa mashindano wa wanaume una kilo 20, wa wanawake kilo 15. Asiyeuweza aanze na fimbo ya mbao. Na wazazi wanaoogopa kwamba vyuma vitamzuia mtoto kukua wapokee jibu: mazoezi ya nguvu yenye msimamizi, uzito unaofaa na ufundi mzuri hayamdumazi mtoto.

Gunia la sokoni nalo lihesabiwe

Programu za ughaibuni zimeandikwa kwa mtu anayekaa ofisini mchana kutwa. Mulot si hivyo. Kijana anayepakia lori siku ya soko amefanya siku ya wingi hata kama hakugusa chuma. Mchumaji anayeshinda na kikapu mgongoni, anayelima kwa jembe, anayechota maji bondeni na kupanda nayo, wote wametumia miguu na mgongo ule ule.

Anayeanza anaweza kuyapuuza hayo kwa muda. Mtu wa ngazi ya kati hawezi. Kwa hiyo achukue daftari, aandike kwanza kazi za wiki yake, kisha apange vyuma kuzizunguka. Siku ya uzito isiwe kesho yake baada ya soko. Msimu wa kuvuna, siku mbili za chuma kwa wiki zinatosha. Mchezaji mwenye mechi Jumamosi asogeze siku ya uzito hadi Alhamisi au aipunguze. Hapo hakuna uvivu. Ni mkulima anayeangalia mawingu kabla ya kupanda.

Daftari hilo ndilo mwalimu wa bei nafuu kuliko wote. Tarehe, uzito, mara ngapi, usingizi saa ngapi. Baada ya wiki nane litasema wazi kama ratiba inafaa au la.

Njia ya mkato

Ni wakati huu wa kukwama ambapo mtu hujitokeza na sindano. Ukweli usemwe bila kuzungukazunguka. Homoni za kujenga misuli zinazouzwa mitaani hukausha korodani na huweza kumnyima mwanamume uzazi. Huharibu moyo na ini. Mwanamke hukauka sauti na kuota ndevu, na mengine hayarudi nyuma. Kwa kijana ambaye bado anakua, huweza kuifunga mifupa kabla ya wakati akabaki mfupi. Wazazi wanaoogopa chuma waiogope sindano.

Kwa mwanamichezo, ipo sheria. Kenya ilipitisha Sheria ya Kupambana na Dawa Haramu Michezoni mwaka 2016, na ADAK ndiyo yenye jukumu la kupima na kuelimisha. Adhabu ya kawaida kwa anayetumia homoni hizi kwa makusudi ni kufungiwa miaka 4. Kwa kijana wa miaka 19, hiyo ndiyo miaka yake bora.

Tofauti kati ya kijana huyo na mwenzake aliyeendelea salama mara nyingi ni ndogo: mmoja aliambiwa kwamba kukwama ni hatua ya kawaida, mwingine hakuambiwa. Ndiyo maana walimu wa michezo wameombwa kulisema jambo hili mapema, mwezi wa kwanza, kabla chuma hakijakataa.

Subira ina mifano

Julius Yego, mtoto wa Nandi, alijifunza kurusha mkuki akitazama video kwenye intaneti. Agosti 2015, mjini Beijing, alirusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia, na mwaka 2016 akapata fedha ya Olimpiki Rio. Mkuki ulikuwa hewani kwa sekunde chache. Matayarisho yalichukua miaka. Hellen Wawira Kariuki alishinda shaba ya kuinua vyuma kwa watu wenye ulemavu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022, mchezo ambao tofauti ndogo huweza kuamua nani apande jukwaani. Katika ngazi hiyo, kilo moja mpya huweza kutafutwa kwa miezi mingi.

Maneno ya mwisho ni ya usalama. Hakuna kulala benchi na chuma kizito bila mtu kusimama kichwani. Hakuna kuchuchumaa na uzito mkubwa bila nguzo za kukipokea chuma. Fundi wa mbao anaweza kuzitengeneza. Maumivu ya misuli yanayokwisha kwa siku mbili tatu ni ya kawaida. Maumivu yanayoshuka mguuni, ganzi, au kifua kubana si ya kuvumilia: chuma kiwekwe chini na mtu aende hospitali, na Longisa haiko mbali.

Vijana wa Mulot, chuma kikikataa, kihesabuni kama barua ya kupandishwa darasa. Kula, lala, pima mikebe, andika, kisha badilisheni wiki. Jumatatu chokozeni, Jumatano jizuieni, Ijumaa ulizeni. Na aliyefika ngazi ya kati asimcheke anayeanza. Amshikie chuma kichwani.